Butura ya Angani

Mkulima wa kahawa wa Nkwenda hahitaji kufundishwa butura ni nini. Mibuni imechanua, mfukoni hamna kitu, ada ya mtoto inadaiwa na shule inafunguliwa Jumatatu. Anakuja mtu mwenye fedha taslimu, anazunguka shambani, anakadiria kwa macho, analipa leo kwa kahawa itakayovunwa miezi kadhaa mbele. Bei ni ya kutupa na wote wawili wanajua. Viongozi wa Mkoa wa Kagera wameipiga vita butura mwaka baada ya mwaka, nayo bado ipo, kwa sababu shida haina adabu ya kusubiri msimu. Na tumwondolee mnunuzi lawama moja: mara nyingi halaghai, fedha anatoa kweli. Hasara ya muuzaji iko pengine. Akishauza ua, hana sauti tena juu ya tunda.

Siku hizi kuna butura nyingine, na bidhaa yake ni mtandao wa simu. Wenye kuileta hawaji kwa pikipiki. Wanakuja na maputo, ndege zisizo na rubani na setilaiti. Wanachoahidi ni kikubwa na mara nyingi ni cha kweli. Wanachoondoka nacho, hata bila kukusudia, ni dai la kijiji la kujengewa mnara. Wenzetu wa Kenya waliyaona haya kwa macho yao, na kisa chao kinafaa kusimuliwa Nkwenda kabla zamu yetu haijafika.

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Nkwenda iko Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Magharibi ya wilaya ni Mto Kagera, ng'ambo yake Rwanda. Kaskazini ni Uganda. Ni nchi ya vilima virefu na mabonde yaliyojaa migomba. Mawimbi ya simu hupenda njia iliyonyooka, kwa hiyo mnara wa mita 40 au 50 uliosimamishwa kilimani huhudumia vizuri upande unaoutazama, na upande wa pili wa kilima hicho hicho watu wanabaki gizani. Ndiyo maana mtu anaweza kutazama video akiwa senta, akapanda bodaboda kuteremka bondeni, na baada ya muda mfupi simu yake ikawa saa ya mkononi tu. Akisogea kuelekea mtoni mambo yanageuka kichekesho: mtandao unarudi na nguvu zote, ila ni wa nchi jirani, na salio linakatwa kwa bei ya kigeni.

Asiyeishi huko ataona ni usumbufu mdogo. Lakini kahawa ya Kagera sasa inauzwa kwa minada inayopitia mfumo wa kidijitali wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, na bei iliyofikiwa mnadani ina maana tu kwa mkulima aliyeipata kabla ya mlanguzi kumfikia. Wakala wa fedha ambaye mtandao umemkatikia katikati ya muamala anagombana na mteja kwa kosa ambalo si la yeyote kati yao. Zahanati inayotafuta gari la wagonjwa usiku haina muda wa kumtuma mtu akapande kilima. Kiu ya mtandao ni ya kweli, na mwenye kiu haulizi sana maji yametoka wapi.

Sasa kisa.

Juni 2013, kampuni ya Google ilirusha maputo huko New Zealand na kuutangazia ulimwengu mradi ulioitwa Loon. Hesabu yake ilikuwa nyepesi kueleweka. Kama kilima kinauzuia mnara, upandishe mnara hadi mahali ambapo hakuna kilima kinachoufikia. Puto la plastiki laini, upana wake mita 15 hivi, lilipaa kilomita 20 kutoka ardhini, maradufu ya njia za ndege za abiria. Chini yake zilining'inia paneli za sola, betri na antena. Puto halikuwa na injini wala usukani. Lilipanda au kushuka kidogo kutafuta upepo unaoelekea linakotakiwa, kwa sababu huko juu pepo za tabaka mbalimbali huvuma pande tofauti, na programu ya kompyuta ndiyo iliyochagua upepo wa kudandia. Mabaharia wa majahazi wangewaelewa watu hawa mara moja.

Na mambo yalifanya kazi. Kimbunga Maria kilipoisambaratisha minara ya Puerto Rico mwaka 2017, maputo ya Loon yalipelekwa huko na kuwarudishia mawasiliano zaidi ya watu 100,000. Puto moja lilikaa angani siku 312 bila kushuka. Julai 2018 Loon ikawa kampuni kamili chini ya Alphabet, mzazi wa Google, na mwezi huo huo ikaingia mkataba na Telkom Kenya. Kampuni ya Kijapani SoftBank, kupitia tawi lake la HAPSMobile, ikatia dola milioni 125 mwaka uliofuata. Hawa hawakuwa matapeli wa mjini wenye vipeperushi.

Kenya ilichukua karibu miaka miwili kutoa vibali vya anga na masafa. Kisha ikaja korona. Machi 2020 Rais Uhuru Kenyatta akatangaza kwamba maputo yaharakishwe, kwa kuwa wanafunzi na wafanyakazi walikuwa wamefungiwa majumbani. Tarehe 7 Julai 2020 huduma ilizinduliwa rasmi. Maputo yapatayo 35 yaliyorushwa kutoka Marekani na Puerto Rico na kusafiri kwa upepo hadi Afrika Mashariki yalikuwa yanapokezana juu ya eneo la karibu kilomita za mraba 50,000 magharibi na katikati ya Kenya: Iten, Eldoret, Baringo, Nakuru, Kakamega, Kisumu, Kisii, Bomet, Kericho, Narok. Wakati wa majaribio peke yake zaidi ya watumiaji 35,000 walikuwa wameshaunganishwa, wengine bila hata kujua kwamba intaneti yao inatoka kwenye puto. Kasi ya kupakua ilipimwa ikafika megabiti 18.9 kwa sekunde. Ilikuwa mara ya kwanza duniani maputo kutoa huduma ya simu ya kibiashara, na haikuanzia Ulaya wala Marekani. Ilianzia kwa jirani zetu. Magazeti yalishangilia, na haki yao.

Tuache shangwe kidogo, tusome masharti.

Huduma ya puto ilipatikana kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 3 usiku, kwa sababu sola ndiyo iliyokuwa inalisha mitambo. Uchungu wa uzazi, kama tujuavyo, hausomi ratiba. Mtandao ulikuwa wa 4G peke yake, yaani data. Mwenye simu ya kitochi, ambaye ndiye aliyekuwa amekosa mawasiliano miaka yote, aliendelea kukosa na puto likiwa juu ya kichwa chake. Ilibidi pia uwe na laini ya Telkom, wakati Wakenya walio wengi wako Safaricom, na kampuni yenyewe ilikuwa ya tatu kwa ukubwa nchini. Ukiyapanga masharti hayo pamoja unagundua jambo la ajabu: aliyefaidi zaidi ni yule mwenye simu janja, mwenye fedha ya bando, mwenye laini ya kampuni hiyo na asiye na shida usiku. Mtu wa namna hiyo kwa kawaida alikwisha kuhamia mjini.

Januari 2021, miezi sita baada ya uzinduzi, Alphabet ilitangaza kuifunga Loon. Mkuu wa kampuni, Alastair Westgarth, alieleza sababu bila kuzunguka: hawakupata njia ya kushusha gharama kiasi cha biashara kuweza kusimama yenyewe kwa muda mrefu. Huduma ya Kenya ilipunguzwa taratibu ikaisha Machi. Kampuni ikaahidi dola milioni 10 kwa mashirika ya Kenya yanayoshughulikia mawasiliano, elimu na ujasiriamali. Si haba, na wako wanaofunga bila hata kuaga. Hati miliki za ubunifu wake, zipatazo 200, zikaenda SoftBank. Kwa hiyo maarifa yalipata mrithi. Mtumiaji wa Baringo hakuachiwa kitu: puto likiteremshwa halibakizi nguzo, waya wala kiwanja.

Hapo ndipo ninapotaka msomaji asimame kidogo. Hakuna upepo ulioyapeperusha maputo yale, wala mitambo haikugoma, wala wanakijiji hawakuyapiga mawe. Teknolojia ilifaulu mtihani. Kilichoanguka ni hesabu ya fedha, na hesabu hiyo ilipigwa California, mahali ambapo mkulima wa Narok hana diwani wala mbunge. Nasema hivi kwa sababu kila tukisimulia mradi uliokufa tunapenda kutafuta mhalifu au ubovu wa mtambo. Loon haikuwa na mhalifu. Ilikuwa na mwenye mali aliyechoka kupata hasara, na kisheria alikuwa na haki ya kuchoka.

Loon haikuwa ya kwanza kupita njia hiyo. Facebook nayo ilijenga ndege ya sola isiyo na rubani, Aquila, yenye mabawa marefu kama ya ndege kubwa ya abiria. Iliruka mara ya kwanza huko Arizona Juni 2016, ikaharibika wakati wa kutua, na miaka miwili baadaye kampuni ikaacha kuiunda. Mwaka huo huo wa 2016 Facebook pamoja na kampuni ya Eutelsat ilikuwa imekodi sehemu ya setilaiti ya Kiisraeli iitwayo AMOS-6 ili kuzipelekea intaneti nchi kadhaa za Afrika kusini mwa Sahara. Tarehe 1 Septemba roketi ililipuka kwenye jukwaa lake huko Florida wakati wa majaribio, setilaiti ikiwa juu yake. Siku hiyo Mark Zuckerberg, mkuu wa Facebook, alikuwa Nairobi. Matumaini ya nchi nyingi yalikuwa yamewekwa kwenye chombo kimoja, nacho kiliteketea kwa dakika chache.

Kama haya ni mambo ya kale na ya mbali, basi tusogee. Septemba 2023, SoftBank na serikali ya Rwanda walirusha ndege isiyo na rubani hadi kimo cha kilomita 16.9, ikatoa mawasiliano ya 5G kwa dakika 73, na simu ya video ikapigwa hadi Japani. Rwanda! Nchi ambayo mtu wa Kyerwa anaiona kwa macho akisimama kilimani. Jaribio lilikwenda vizuri. Lakini dakika 73 ni jaribio, na kati ya jaribio na huduma kuna bonde ambalo Loon ilitumbukia ikiwa na fedha nyingi mfukoni.

Halafu ziko setilaiti za kizazi kipya, na hizi nazipa heshima zaidi kuliko maputo. Setilaiti za zamani za mawasiliano hukaa kilomita karibu 36,000 kutoka ardhini, sauti ikaenda na kurudi kwa kuchelewa hadi mazungumzo yakawa ya kukatizana. Zile za Starlink, mali ya SpaceX, zinazunguka chini sana, kilomita 550 hivi, kwa maelfu. Rwanda iliipokea huduma hiyo Februari 2023, Kenya Julai mwaka huo. Vijijini Kenya shule na zahanati ambazo zingesubiri mkongo miaka mingi zimepata intaneti kwa sahani moja juu ya paa. Hata hivyo Novemba 2024 Nairobi na kaunti za jirani zilijaa. Kampuni ikaacha kwa miezi kadhaa kupokea wateja wapya huko kwa kuwa uwezo wa setilaiti juu ya eneo moja una kikomo. Anga ni pana, ila mwale unaoshuka juu ya kichwa chako unagawana na majirani zako wote.

Hatua inayofuata ni setilaiti kuzungumza na simu ya kawaida moja kwa moja, bila sahani. Desemba 2025 Airtel Africa, ambayo iko Tanzania pia, ilitangaza makubaliano na SpaceX ya kuleta huduma hiyo katika nchi zake 14 kuanzia mwaka 2026, kwa masharti ya vibali vya kila nchi, ikianza na ujumbe mfupi na data ya programu chache. Ni habari njema. Mchungaji wa ng'ombe aliye karibu na mto ataweza kutuma ujumbe. Lakini simu iliyo mkononi ina nguvu ndogo mno, na setilaiti iko mamia ya kilomita juu ikipita kwa kasi ya zaidi ya kilomita 25,000 kwa saa. Mawasiliano ya namna hiyo hutaka mbingu wazi. Ukiwa ndani ya nyumba ya bati, au katikati ya migomba iliyoshikana, usitegemee mengi. Tena sisi tuko mpakani. Kila nchi hugawa masafa kwa sheria zake, na mwale wa setilaiti ni mpana kuliko kata. Kuuzuia usimwagikie kwa jirani asiyeutolea kibali ni kazi inayohitaji makubaliano ya serikali. Mikoa ya katikati ya nchi haina adha hiyo. Kyerwa, yenye majirani wawili, inayo maradufu.

Nisieleweke kwamba namtukana wa angani. Kagera ina kumbukumbu ya tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, la ukubwa wa 5.9, lililoua watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Siku ya namna hiyo, minara ikianguka na barabara zikikatika, chombo kilicho juu ya yote ni rehema. Mei 12, 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, Tanzania nzima ilijikuta ikisuasua, na wenye njia ya setilaiti ndio walioendelea na kazi. Kwa msaada wa dharura, kwa mbuga kama ya Ibanda-Kyerwa ambako hakuna atakayejenga minara mingi, kwa wavuvi wa mbali ziwani, anga ndiyo jibu. Ninachokataa ni kuifanya sababu ya kutojenga chini.

Maana chini kuna njia inayojulikana, yenye sheria na anwani. Tanzania ina Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, uliotokana na sheria ya mwaka 2006. Mfuko hutambua kata zisizo na huduma, hutangaza zabuni, na kampuni inayoshinda hupewa ruzuku ikaenda mahali ambapo peke yake isingekwenda. Mei 2023 jijini Dodoma, mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan, zilitiwa saini kandarasi za minara 758 katika kata 713. Mkongo wa Taifa nao unapita Kagera kuelekea Mutukula na Rusumo. Mnara una kasoro zake tele: mafuta ya jenereta huibwa, radi huupiga, fundi huchelewa. Lakini una fadhila moja kubwa. Kampuni ikifilisika au ikiuzwa, chuma kinabaki kilimani, na kampuni nyingine inaweza kutundika antena zake pale pale. Unatoa mtandao saa 7 usiku. Unamhudumia mwenye kitochi sawa na mwenye simu janja. Na mkandarasi wake amesaini karatasi mbele ya serikali unayoipigia kura.

Basi tuseme siku moja kwenye mkutano wa kijiji, Nkwenda au jirani yake, ajenda ya mnara inafikiwa, na kijana mmoja anasimama. "Shikamoo wazee. Mimi naona tunapoteza muda. Setilaiti zinakuja, mnara wa nini tena?" Nusu ya mkutano inatikisa kichwa kukubali, maana kijana amesoma na anasema kwa ufasaha. Mwenyekiti, aliyekwisha kuchoka kuandika barua, anapumua na kuiruka ajenda. Hakuna aliyedanganywa, hakuna fedha iliyoliwa. Ila kwenye orodha ya maombi yaliyoko wilayani kijiji hicho kimenyamaza, na mradi wa minara huenda kwa wanaopiga kelele. Miaka miwili baadaye, ikiwa mwenye setilaiti amebadilisha bei au amebadilisha nia, kijiji kitarudi mwisho wa foleni.

Ndugu wa Nkwenda, andikeni barua ya mnara na msiache kuifuatilia. Tajeni kitongoji kwa jina, tajeni shule na zahanati isiyo na mtandao, elezeni ni upande gani wa kilima, elezeni pia mahali simu zinaponasa mtandao wa ng'ambo. Nakala moja kwa diwani, moja kwa mbunge, moja kwa UCSAF. Akija mwenye setilaiti au puto mpokeeni vizuri, kisha mumuulize huduma yake inafanya kazi saa ngapi, inataka simu ya aina gani na laini ya nani, bei itapangwa na nani, na siku akiondoka ataacha nini ardhini. Majibu yakiwa mazuri, mpeni ushirikiano. Barua ya mnara ibaki kwenye faili, na tarehe ya kuikumbushia iandikwe hapo hapo kwenye muhtasari wa mkutano.